Lori kuukuu lisilowaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu betri, starta na moto wa plagi

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na madereva na wenye malori mkoani Tabora, kuanzia wabeba tumbaku wa Urambo na Kaliua hadi wanaosomba mpunga wa Nzega na asali ya Sikonge. Yanahusu malori ya zamani yasiyo na kompyuta ya injini, ambayo umeme wake mtu anaweza kuufuata kwa jicho na kwa mita kutoka kwenye betri hadi mwisho wa waya. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Vipimo vilivyotajwa ni vya jumla. Kitabu cha lori lako kikitaja kipimo tofauti, fuata kitabu.

## Mambo ya kuanzia

1. Lori limekataa kuwaka asubuhi. Nianze kukagua nini?

Anza kwa kusikiliza, kwa sababu sauti inayotoka unapozungusha funguo hugawa matatizo haya katika makundi matatu. La kwanza ni la injini isiyozunguka kabisa: hapo washukiwa ni betri, nyaya nene, swichi ya funguo na starta (mota inayozungusha injini ili iwake), na hakuna sababu ya kugusa plagi wala pampu ya dizeli. La pili ni la injini inayozunguka kivivu. Mara nyingi umeme upo lakini haufiki wote unakotakiwa. La tatu ni la injini inayozunguka kwa kasi yake ya kawaida ila haishiki. Hapo betri na starta zimekwisha kufanya kazi yake, na kasoro itafutwe kwenye moto wa plagi kwa injini ya petroli, au kwenye mafuta na joto kwa injini ya dizeli.

Baada ya kusikiliza, washa taa kubwa na umwombe utingo azungushe funguo huku wewe ukizitazama. Taa zikizimika au kufifia sana, ama betri imechoka, ama umeme unapotelea njiani, ama starta imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Taa zikibaki na mwanga uleule huku injini ikiwa kimya, umeme hauingii kabisa kwenye starta. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na inashangaza jinsi watu wengi wanavyoliruka na kwenda dukani moja kwa moja kununua starta.

2. Ni vifaa gani vinatosha kufanya ukaguzi?

Mita ya umeme ya bei ya chini, testa ya balbu (balbu yenye nyaya mbili za kugusia), spana za vichwa vya betri, brashi ya waya na msasa laini vinatosha kwa karibu kila jambo lililoelezwa hapa. Usidhani kwamba ukiwa na mita huhitaji testa. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo waya uliolika hadi kubaki na uzi mmoja bado utasoma volti kamili. Ukiunganisha balbu ya wati 21 kwenye waya huohuo, balbu itataka karibu ampea 2 na kufifia mara moja, na hapo waya unakuwa umejieleza wenyewe. Kwa lori la volti 24 tumia balbu ya volti 24.

3. Lori langu ni la dizeli. Je, nikague plagi na koili?

Hapana. Injini ya dizeli haina moto wa plagi, wala koili inayopandisha volti za moto huo. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Plagi za joto, ambazo baadhi ya injini za dizeli zinazo, hupasha chumba cha mwako kabla ya kuwasha na hazitoi cheche. Kwa hiyo mwenye lori la dizeli asome sehemu za betri, starta na chaji, kisha aende swali la 17. Sehemu ya moto wa plagi ni ya magari ya petroli, ambayo bado yapo mengi katika pikapu na malori madogo ya miaka ya 1970 na 1980.

4. Nitajuaje kama mfumo wangu ni wa volti 12 au 24?

Usihesabu betri, pima. Betri mbili za volti 12 zilizounganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi zinabaki volti 12 zenye nguvu zaidi. Zikiunganishwa chanya ya moja kwa hasi ya nyingine zinakuwa volti 24. Weka mita kati ya kichwa ambacho waya wake unakwenda kwenye starta na kichwa ambacho waya wake unafungwa kwenye chasisi. Yapo magari machache ya Kijapani yanayotumia volti 24 kwa starta tu huku taa na vinginevyo vikitumia 12, kwa hiyo soma pia maandishi kwenye balbu na kwenye starta yenyewe kabla ya kununua chochote.

## Betri na nyaya zake

5. Betri nzima inasoma volti ngapi?

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma takriban 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebakiwa na kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikikaribia 12.0 imebakiwa na robo tu. Kwa mfumo wa volti 24 zidisha kwa mbili, lakini ni bora kupima kila betri peke yake, kwa sababu jumla inaweza kuonekana nzuri huku betri moja ikimficha mwenzake aliyechoka.

Usipime mara tu baada ya kuzima injini. Betri iliyotoka kuchajiwa hubeba volti za juujuu ambazo hupotea baadaye. Washa taa kubwa kwa dakika moja au mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime.

6. Mita inaonyesha volti 12.6 lakini starta haina nguvu. Inawezekanaje?

Volti za betri iliyopumzika zinaeleza kiasi cha chaji tu. Haziwezi kueleza kama betri inaweza kutoa mamia ya ampea ambazo starta ya lori inahitaji. Betri ya zamani ambayo sahani zake za risasi zimeota ukoko mweupe au kumomonyoka inaweza kusoma vizuri ikiwa imetulia, kisha ikaanguka ghafla inapobebeshwa mzigo. Acha mita kwenye vichwa vya betri wakati mwenzako anazungusha funguo. Betri ya volti 12 isishuke chini ya takriban 9.6, na mfumo wa 24 usishuke chini ya takriban 19. Ikishuka zaidi, ama betri imekufa au starta inavuta umeme kupita kiasi. Jaribu kwa betri nyingine unayoiamini ili kutenganisha hayo mawili.

Ikiwa volti kwenye betri zinabaki juu, tuseme 11, na bado starta inazunguka kivivu, basi betri haina kosa. Umeme unapotea kati yake na starta, au ndani ya starta yenyewe.

7. Nitapimaje umeme unaopotea kwenye nyaya?

Hiki ndicho kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote kwa lori kuukuu, na ndicho kinachofanywa mara chache zaidi. Weka mita kwenye kipimo cha volti za betri. Gusa ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha chanya, yaani kwenye risasi na wala si kwenye kibano, na ncha nyingine kwenye boliti kubwa ya starta inayopokea waya wa betri. Mwenzako azungushe funguo huku injini ikiwa imezuiwa isiwake, kwa kuchomoa waya mwembamba wa koili kwa petroli au kwa kuvuta kamba ya kuzimia kwa dizeli. Namba utakayoiona ni volti zinazopotea njiani. Ikizidi 0.5, kuna kasoro, na utaipata kwa kusogeza ile ncha ya pili kurudi nyuma, kiungo baada ya kiungo, hadi namba ishuke ghafla: kasoro iko kwenye kiungo ulichotoka kukivuka.

Kisha fanya hivyohivyo upande wa kurudi, ukiweka ncha moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye mwili wa starta, mahali pa chuma kisicho na rangi wala mafuta. Hapa isizidi 0.3. Upande huu ndio unaosahaulika. Injini hukaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusani moja kwa moja na chasisi. Huunganishwa nayo kwa waya mpana uliosukwa, ambao ukifunguliwa wakati wa kushusha gia boksi na usirudishwe, umeme wote wa starta hutafuta njia nyingine. Lori moja la mbao lilikwisha badilishwa starta kabla mtu hajaona kwamba kamba ya akseleta ilikuwa ikitoa moshi kila funguo ilipozungushwa na plastiki yake imeanza kuyeyuka: umeme ulikuwa unarudi kwenye betri kupitia kamba hiyo. Waya wa kusuka ulikuwa umelala juu ya chasisi, boliti yake haipo.

Ukikuta kamba ya akseleta, kamba ya klachi au bomba la mafuta lina moto baada ya kupiga starta, usitafute zaidi. Funga waya wa injini na chasisi kwanza.

8. Kwa nini vichwa vya betri huota unga mweupe au wa kijani, na niusafisheje?

Mvuke wa asidi hupenya kwenye mpaka wa kichwa na plastiki, kisha hula risasi na shaba. Fungua hasi kwanza na chanya baadaye, ili spana ikigusa bodi isilete shoti. Wakati wa kufunga, anza na chanya. Mwagia maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na magadi, yatatoa povu na kuua asidi, ila vifuniko vya betri viwe vimefungwa vizuri yasiingie ndani. Sugua kichwa na ndani ya kibano hadi ving'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi au vaselini juu. Kupaka grisi kabla ya kukaza hakuzuii umeme kama risasi imegusana na risasi, lakini grisi juu ya uchafu ni kufunika kidonda kwa nguo.

Angalia pia kama betri imefungwa imara kwenye kitanda chake. Kwenye barabara za vumbi zenye matuta, betri inayorukaruka huvunja sahani zake za ndani na kulegeza vibano.

9. Betri ikipungua, niongeze maji au asidi?

Ongeza maji yaliyosafishwa tu, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Wakati wa kuchaji yanayopotea ni maji, asidi inabaki. Kuongeza asidi kila mara hufanya mchanganyiko uwe mkali kupita kiasi na kula sahani. Maji ya kisima yana chumvi na chokaa, kwa hiyo hayafai hata kama ni meupe. Asidi huongezwa pale tu iliyokuwemo inapomwagika.

10. Lori langu ni la volti 24. Je, naweza kuchukua volti 12 za redio kutoka betri moja?

Linawezekana, na ndilo linaloua betri nyingi kuliko ubovu wa betri zenyewe. Redio, chaja ya simu na taa ya ndani zikivuta kutoka betri moja, betri hiyo hushuka huku mwenzake ikibaki imejaa. Alteneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, haioni betri moja moja, inaona jumla ya volti zake, kwa hiyo iliyojaa huchemka na kukauka maji na ile nyingine haijai kamwe. Tumia kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kilichounganishwa kwenye betri zote mbili. Kwa sababu hiyohiyo, betri za lori la volti 24 zibadilishwe mbili kwa pamoja, za ukubwa mmoja na umri mmoja.

## Starta

11. Nikizungusha funguo nasikia "ta-ta-ta-ta" mfululizo, au mlio mmoja tu. Kuna tofauti gani?

Mlio wa mfululizo unatoka kwenye solenoidi, ile sehemu ya mviringo iliyopanda juu ya starta, inayosukuma bendiksi (gia ndogo ya starta inayozungusha injini) na kufunga njia ya umeme mkubwa. Inavuta, umeme unaanguka kwa sababu betri ni dhaifu au kibano kimelegea, inaachia, umeme unarudi, inavuta tena. Karibu kila mara jibu liko kwenye maswali ya 5 hadi 8.

Mlio mmoja mzito unaofuatwa na ukimya ni jambo jingine. Solenoidi imevuta na kushikilia, lakini starta haizunguki. Pima volti kwenye boliti ya solenoidi inayoelekea kwenye mota ya starta wakati funguo imeshikwa. Kama hakuna volti, sahani ya shaba ndani ya solenoidi imeungua. Kama volti zipo, kaboni (vipande vinavyopitisha umeme ndani ya starta) zimekwisha, starta imekwama, au injini yenyewe imeng'ang'ana. Malori ya zamani yenye tundu la handeli kwenye bampa la mbele yana faida hapa: zungusha injini kwa mkono, gia ikiwa huru na umeme wa funguo umezimwa, na utajua papo hapo kama inazunguka. Starta ya umeme iliingia kwenye magari ya kuuzwa kupitia Cadillac ya mwaka 1912, na kwa miongo mingi baadaye watengenezaji waliendelea kuweka tundu hilo kwa tahadhari.

12. Nikizungusha funguo hakuna sauti yoyote, lakini taa zinawaka vizuri.

Tafuta waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi na uweke testa kati yake na chasisi huku mwenzako akishika funguo mahali pa kuwashia. Testa ikiwaka kwa nguvu, amri imefika na solenoidi ndiyo mbovu, au mwili wa starta haurudishi umeme (swali la 7). Isipowaka, rudi nyuma: relei (swichi inayowashwa kwa umeme), kama ipo, kisha swichi ya funguo. Swichi iliyochakaa hujulikana kwa kuchezesha funguo kidogo kushoto na kulia. Umeme ukija na kupotea, usiendelee kuibembeleza. Kuweka relei kati ya swichi na solenoidi huirefushia swichi maisha, kwa sababu umeme mzito wa solenoidi haupiti tena ndani yake.

13. Starta inalia kwa kasi lakini injini haizunguki.

Bendiksi imeshindwa kushika au inateleza, ama meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini linaloshikwa na bendiksi, yamelika mahali pamoja. Ili kutofautisha, sukuma lori kidogo likiwa kwenye gia, umeme wa funguo ukiwa umezimwa, ili flaiwili isogee, kisha jaribu tena. Ikishika, meno ndiyo yaliyolika. Isiposhika popote, ni bendiksi.

14. Nimeachia funguo lakini starta inaendelea kuzunguka. Nifanye nini?

Zima injini na ufungue hasi ya betri mara moja. Starta inayozungushwa na injini iliyowaka hupasuka ndani ya muda mfupi. Kinachosababisha ni sahani ya solenoidi iliyojichomelea, au swichi ya funguo isiyorudi. Betri dhaifu ina mchango wake: volti zikishuka, sahani hugusana kwa uvivu, hutoa cheche nyingi na hatimaye hushikana. Pia usipige starta kwa zaidi ya sekunde 10 hadi 15 mfululizo, na uipe dakika moja au mbili ipoe kabla ya kurudia.

15. Je, ni sahihi kugonga starta kwa nyundo au kuiunganisha kwa bisibisi?

Kugonga kidogo mwili wa starta kunaweza kuamsha kaboni zilizokwisha, na kwa mtu aliyekwama porini kati ya Sikonge na Mpanda ni msaada halali. Likiwaka, nenda moja kwa moja kwa fundi. Siku itafika nyundo itakataa.

Kuunganisha kwa bisibisi ni hatari kwa namna nyingine kabisa. Lori likiwa kwenye gia litaondoka hapohapo, na wewe uko chini yake au mbele ya tairi. Kama hapana budi, hakikisha gia iko huru, matairi yamewekewa vigingi na breki ya mkono imevutwa, na uguse boliti ya waya mwembamba wa solenoidi na ile ya betri, usiguse zile boliti mbili kubwa kwa pamoja.

## Moto wa plagi kwa injini za petroli

16. Injini ya petroli inazunguka vizuri lakini haishiki. Nitajuaje kama moto upo?

Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distributa (kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi), ushike kwa koleo lenye mpini wa mpira, na uweke ncha yake kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini huku mwenzako akipiga starta. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia. Cheche ya njano, nyembamba, isiyo na sauti, inaonyesha koili dhaifu, kondensa mbovu au platini (miguso ndani ya distributa inayofungua na kufunga umeme wa koili) zilizoungua.

Kama hakuna cheche kabisa, unganisha testa yenye balbu ndogo kati ya kichwa cha koili kinachoelekea kwenye distributa na chasisi, kisha piga starta. Balbu ikimetameta, platini zinafunguka na kufunga, na kasoro inaelekea kuwa koili au kondensa. Ikiwaka bila kuzimika, platini hazigusani. Isipowaka kabisa, ama hakuna umeme unaofika kwenye koili au platini zimebaki zimegusana. Cheche ikiwepo kwenye waya wa koili lakini haipo kwenye plagi, angalia kifuniko cha distributa na rota inayozunguka ndani yake.

Platini huwekewa nafasi pale msukumo wa kemu ulipofika kileleni, na injini nyingi za zamani hutaka kati ya milimita 0.35 na 0.50. Tumia fila, vibamba vya kupimia nafasi. Wengine hupimia kipande cha msumeno wa chuma, ambacho unene wake ni karibu milimita 0.65, injini itawaka, lakini itakosa nguvu na koili haitapata muda wa kutosha wa kujaa. Platini mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, kwa hiyo zifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, zikauke, kabla ya kulaumu kondensa.

17. Na injini ya dizeli inayozunguka vizuri bila kushika?

Kwanza hakikisha amri ya kuzima haijabaki imewashwa. Kama pampu ina swichi ya umeme ya kukatia dizeli, utasikia mlio mdogo unapofungua funguo. Usiposikia, weka testa kwenye waya wake. Kama lori lako lina kamba ya kuzimia, itazame kwenye pampu yenyewe, maana mpini unaweza kurudi ndani ya kabini huku mkono wa pampu ukibaki umevutwa.

Kama injini yako ina plagi za joto, fungua ukanda unaoziunganisha, shika testa kwenye chanya ya betri na uguse ncha ya kila plagi moja baada ya nyingine. Inayowasha testa haijakatika. Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za kipupwe za Juni na Julai hutosha kuonyesha plagi ambazo mwezi Oktoba hakuna aliyejua zimekufa. Hayo yote yakiwa sawa, tatizo si la umeme. Tafuta hewa kwenye njia ya dizeli.

18. Injini inashika nikiwa nimeshika funguo, lakini inazima mara tu ninapoiachia.

Dalili hii ni ya aina yake na ina majibu mawili tu ya kawaida. Magari mengi ya petroli yana rezista (kipunguza umeme) kati ya swichi na koili, mara nyingi kijiti cheupe cha kauri kilichofungwa karibu na koili. Wakati wa kupiga starta koili hupewa volti za betri moja kwa moja. Ukiachia funguo, umeme hupitia kwenye rezista. Rezista ikikatika, injini huzima hapohapo. Jibu la pili ni swichi ya funguo ambayo mguso wake wa kuendeshea umekufa.

Usiunganishe waya wa moja kwa moja ukauacha. Koili iliyoundwa kutumia rezista ina karibu omu 1.5 na itaungua ikipewa volti 12 muda wote. Koili isiyohitaji rezista ina karibu omu 3. Pima kabla ya kubadilisha.

19. Gari linazima likichemka, au linakataa siku za mvua.

Likizima likiwa na moto kisha likawaka baada ya kupoa, pima cheche wakati huohuo lilipozima, kwa sababu likipoa ushahidi unapotea. Cheche ikiwa imepotea, koili au kondensa imeharibika kwa joto. Cheche ikiwepo, petroli imegeuka mvuke kwenye bomba na umeme hauhusiki.

Masika, fungua kifuniko cha distributa na ukaushe ndani kwa kitambaa. Tafuta mstari mweusi mwembamba unaotoka kwenye mguso mmoja hadi mwingine: hiyo ni njia ambayo moto umejichorea, na kifuniko hicho kibadilishwe.

## Chaji na hali za pekee

20. Betri inakufa lori likilala. Nitajuaje nini kinaivuta?

Zima kila kitu, fungua kibano cha hasi, na uweke testa kati ya kibano na kichwa cha betri. Lori lisilo na kompyuta halipaswi kuiwasha. Ikiwaka, toa fyuzi moja baada ya nyingine hadi izimike. Fyuzi zote zikitoka na bado inawaka, fungua waya mnene wa alteneta. Dayodi ya alteneta iliyokufa huvuta betri usiku kucha bila mtu kujua.

21. Je, taa ya chaji kwenye dashibodi ina umuhimu wowote ikiungua?

Ina umuhimu mkubwa. Katika alteneta nyingi za zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta. Balbu ikiungua, alteneta inaweza isichaji kabisa, au ikaanza tu baada ya injini kupigwa resi. Ukifungua funguo bila kuwasha injini na taa hiyo isiwake, badilisha balbu kwanza. Injini ikinguruma, betri isome kati ya 13.8 na 14.4, au 27.6 hadi 28.8 kwa volti 24.

22. Naweza kulishtua lori la volti 12 kwa lori la volti 24? Na kusukuma je?

Kushtua kwa volti 24 hapana. Utaunguza balbu, koili na dayodi, na betri inaweza kupasuka. Kwa volti zinazolingana, unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya lori linalosaidia kwenye chuma cha injini ya lori bovu, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche.

Dizeli yenye kamba ya kuzimia huwaka kwa kusukumwa hata betri ikiwa imekufa kabisa. Petroli yenye alteneta haitawaka, kwa kuwa hakuna umeme wa koili wala wa kuiamsha alteneta.

23. Tunataka kuchomelea bodi. Je, kuna cha kufungua?

Fungua vibano vyote vya betri na nyaya za alteneta, na ufunge hasi ya mashine ya kuchomelea karibu na mahali panapochomelewa. Hasi ikifungwa mbali, umeme unaweza kupitia kwenye beringi za magurudumu au za gia boksi na kuzitoboa vidoa.

24. Lori limesimama tangu masoko ya tumbaku yalipofungwa. Nifanye nini kabla ya kuliwasha?

Betri iliyoachwa miezi mingi bila chaji mara nyingi haiponi, kwa hiyo wakati mwingine ipime kila mwezi na uichaji ikishuka chini ya 12.4. Sasa hivi itoe, ichaji nje ya lori, na uipime kwa mzigo kama ilivyoelezwa katika swali la 6. Zungusha injini kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kupiga starta. Kwa petroli, pitisha msasa laini kati ya platini, kwa kuwa hushika kutu zikikaa. Fungua boneti au inua kabini na ufuatilie nyaya zote kwa macho, hasa nyuma ya dashibodi na juu ya gia boksi ambako panya hupenda kulala, na ukikuta waya uliotafunwa, ufunge upya kabla ya kurudisha kibano cha hasi.